Duka linanipa madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, bure nikinunua prosesa ya Ryzen 5 5600. Niichukue?

mama_kamera, Kisumu

Hamjambo nyote. Naomba mawazo yenu kabla sijatuma pesa, kwa sababu duka liko Nairobi na mimi niko Mamboleo, na kitu kikishapakiwa kwenye basi kuja huku, kukirudisha ni kazi nyingine.

Mimi hupiga video za harusi na mazishi. Mazishi ya huku kwetu mnayajua. Ibada ikianza asubuhi, hotuba zinafuatana: ukoo, wakwe, kanisa, kazini, shule aliyosoma marehemu. Siwezi kuzima kamera, maana ile hotuba nitakayoiruka ndiyo mtu aliye ng'ambo atakayoiulizia. Natumia kamera mbili za 4K, kila moja inarekodi megabiti 100 kwa sekunde. Hiyo ni kama GB 45 kwa saa. Saa sita, kamera mbili, na nimerudi nyumbani na zaidi ya GB 500 za siku moja.

Mashine niliyokuwa nayo ilikuwa ya mtumba kutoka Uingereza, zile ndogo nyeusi za ofisini. Mwezi wa tatu pawa saplai ilikufa nikiwa katikati ya kuhariri mazishi ya mzee mmoja wa Seme. Fundi akaja na pawa saplai mpya, ya kawaida, ile yenye plagi ya pini 24. Akafungua kasha, akanyamaza, kisha akaniita nione mwenyewe. Bodi ilikuwa na tundu la pini 6. Kiwanda kilikuwa kimejitengenezea plagi yake. Tulitafuta adapta wiki nzima, na familia ilikuwa inapiga simu kila jioni. Binti mkubwa wa marehemu alirudi Uingereza Jumapili bila video ya kumzika babake. Ndugu zake niliwapa vipande vibichi kwenye diski, havijakatwa wala kupangwa. Jambo hilo bado linaniuma, na tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachouliza kuhusu kompyuta yoyote ni bodi yake.

Sasa nataka kuunda yangu mwenyewe, kipande kwa kipande. Duka linaniuzia Ryzen 5 5600 kwa 18,500 na kunipa madabodi ya A320 bure. Juu yake nitaweka kadi ya grafiki RX 6600 ya GB 8, RAM GB 32, NVMe (diski ndogo ya kasi) ya TB 1 ya kazi inayoendelea, na diski zangu mbili za zamani za kuhifadhia. Bodi ya B550 mpya ni kama 15,000. Kwa hivyo hiyo ya bure inaniokolea pesa ambayo ningeiweka kwenye RAM.

Wamenitumia picha moja WhatsApp. Ninaona sloti mbili za RAM, sehemu moja ya M.2 ya kuchomeka NVMe, na tundu la HDMI nyuma. Itafaa?

fundi_wa_nakuru

Mama, pole sana kwa hiyo ya Seme. Hizo bodi za ofisini zimenitoa jasho pia. Mtu analeta mashine nzima nzuri, kilichokufa ni cha bei ndogo, na hakuna cha kawaida kinachoingia.

Hii ya A320 haina shida hiyo. Plagi zake ni za kawaida, na soketi ni AM4 sawa na ya prosesa yako. Lakini kuingia kwenye soketi ni jambo moja na kuwaka ni jambo jingine. A320 ni ya 2017, ilitoka na Ryzen za kwanza kabisa. Ryzen 5 5600 ilitoka 2022. Kwa muda mrefu AMD hawakukubali bodi za kizazi hicho ziwashe Ryzen 5000, na walilegeza huohuo mwaka wa 2022. Maana yake, bodi yako itaitambua prosesa ikiwa tu BIOS yake, ile programu ndogo ndani ya bodi inayoiwasha mashine, imesasishwa baada ya hapo. Ikiwa ilikaa kwenye boksi tangu 2019, itakuonyesha skrini nyeusi.

Usiulize duka "inafanya kazi na 5600?" Watakujibu ndiyo. Uliza jina kamili la bodi, lile lililochapishwa kwenye bodi yenyewe kwa herufi nyeupe, mara nyingi karibu na sloti ya kadi ya grafiki, pamoja na namba ya toleo inayoandikwa REV pembeni. Ingia kwenye tovuti ya kiwanda, tafuta orodha ya prosesa ambazo bodi hiyo inakubali, usome mstari wa 5600. Si 5600G, si 5600X, 5600 peke yake. Kando yake kuna toleo la BIOS linalohitajika. Halafu mwambie muuzaji aiwashe bodi na prosesa yako ikiwa juu yake, aingie kwenye BIOS, apige picha ya ile skrini yenye jina la prosesa na namba ya toleo. Muuzaji mwenye bodi inayowaka hiyo ni kazi ya dakika tano kwake.

Kuhusu umeme. Prosesa hii imeandikwa wati 65, lakini AMD wanairuhusu ivute mpaka wati 76 ikibanwa, na kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, ndiko kuibana. Zile chipu ndogo nyeusi kushoto kwa soketi ndizo zinazobadilisha umeme wa volti 12 uwe ule mdogo ambao prosesa inautumia. Kwenye bodi nyingi za A320 hazina chuma chochote cha kupooza joto juu yake. Kwa prosesa hii zitavumilia. Mtu wa kucheza gemu jioni mbili kwa wiki nisingemsumbua. Wewe unarenda saa nyingi mfululizo, tena Kisumu saa nane mchana, kwa hivyo hakikisha feni ni ile inayokuja kwenye boksi la AMD. Ile inapuliza kuelekea chini, na upepo wake unapiga bodi pande zote za soketi, chipu zile zinapata hewa. Ukiweka feni kubwa za mnara zinazopuliza kando, prosesa itapoa lakini chipu zitaachwa na joto lao.

Ambayo inanileta kwa swali jingine: prosesa inakuja kwenye boksi lake na feni, au imefungwa tu kwenye plastiki?

Na HDMI ya bodi isahau kabisa. Ryzen 5 5600 haina grafiki ndani yake. Waya wa skrini utauchomeka kwenye RX 6600. Nimeletewa mashine mbili mwaka huu "zimekufa" kumbe waya ulikuwa umechomekwa kwenye bodi.

kijana_wa_kakamega

Dada, sikiliza fundi hapo kwa habari ya BIOS. Mimi nilipewa A320 na prosesa hiyohiyo. Nikaunganisha usiku, nikabonyeza, feni ikazunguka, taa ya kibodi ikawaka mara moja ikazimika. Skrini nyeusi tii. Nilibadilisha RAM sloti moja baada ya nyingine, nikabadilisha waya, nikaazima kadi ya grafiki ya rafiki. Siku nne nikidhani nimeiharibu prosesa kwa mikono yangu.

Ili kusasisha BIOS unahitaji mashine iwake, na ili iwake unahitaji BIOS mpya. Zipo bodi zenye kitufe cha kusasisha bila prosesa, unaweka flashi tu na kubonyeza. Yangu haikuwa nacho. Ilibidi nitafute mtu mwenye Ryzen ya zamani, nikampata mwenye saibakafe huko Kisumu ana Ryzen 3 2200G. Nilibeba bodi kwenye matatu kutoka Kakamega, boksi mapajani, sikuruhusu mtu aliweke kule nyuma. Tukaweka prosesa yake, ikawaka mara moja, maana hiyo ina grafiki yake ndani. Tukaanza kusasisha. Kiwanda kilitaka tupitie toleo moja la kati kwanza, halafu ndiyo la mwisho. Tukiwa kwenye hilo la mwisho, stima ikapotea mtaa mzima. UPS yake ililia tu, mstari ukaendelea kusogea polepole, na sisi wawili tumesimama hatusemi. Stima ikikatika katikati bila UPS, chipu ya BIOS inabaki na nusu ya programu na bodi haiwaki tena mpaka fundi aiandike upya kwa kifaa chake.

Baada ya hapo imefanya kazi vizuri, sina lalamiko juu ya bodi yenyewe. Lakini ukihesabu nauli, siku nne, na kile nilichompa yule wa saiba, bure yangu ilikuwa na gharama.

mwalimu_bungoma

Ninaona mnamtisha dada. Bodi ikiwa na BIOS sahihi, mimi ningeichukua. Watu watakuambia A320 ni PCIe 3.0 (PCIe ni njia ya data kati ya bodi na kadi) na RX 6600 ni PCIe 4.0, kwa hivyo kadi "itabanwa". RX 6600 inatumia njia 8, na kwa njia 8 tofauti ni ndogo, kwa kuhariri video hutaiona. Kadi ambayo ningekukataza kwenye bodi hiyo ni RX 6500 XT. Hiyo ina njia 4 peke yake na GB 4 za kumbukumbu, na kwenye PCIe 3.0 inapoteza mengi. NVMe nayo kwenye PCIe 3.0 inafika kama MB 3,500 kwa sekunde. Kamera zako mbili kwa pamoja zinatoa MB 25 kwa sekunde. Nafasi unayo tele.

RAM weka stiki mbili za GB 16, usiweke moja ya GB 32, ili prosesa isome njia mbili kwa wakati mmoja. Na ukishawasha ingia kwenye BIOS uwashe XMP, la sivyo RAM uliyolipia 3200 itakimbia kwa mwendo wa chini, mara nyingine 2133.

Swali langu ni tofauti: umefikiria Intel i5-12400, ile isiyo na herufi F mwishoni? Ina grafiki ndani, na kuna kamera zinazorekodi H.265, namna moja ya kubana video, ya rangi 4:2:2 ambayo kadi nyingi hazisomi, lakini hiyo ya Intel inasoma. Kamera zako ni za aina gani?

mama_kamera, Kisumu

Asanteni, mmenifundisha mengi kwa usiku mmoja.

Mwalimu, kamera zangu zinarekodi H.264 ya kawaida, 8-biti, 4:2:0. Nimesoma kwamba RX 6600 inaisoma bila shida, kwa hivyo nitabaki na Ryzen.

Fundi, nimeuliza. Prosesa iko kwenye boksi na feni. Jina la bodi wamenitumia bila toleo. Nilipoomba picha ya skrini ya BIOS wakasema hawana RAM ya kujaribia hapo dukani. Duka la kompyuta.

Sasa kuna jambo jingine. Nilikaa na ile picha yao, nikaipanua kwenye simu mpaka mwisho, kama ninavyofanya nikitafuta kama uso wa bibi harusi umepata mwanga sawa. Pembeni mwa soketi, upande wa juu, kuna kitu cha rangi ya kijivu, kama dawa ya meno iliyokauka. Na yale matundu ya skrubu kwenye pembe, mawili yana duara lililokwaruzika, linang'aa kuliko mengine. Bati la nyuma linalozunguka matundu ya USB halipo kwenye picha. Hii inamaanisha nini?

fundi_wa_nakuru

Inamaanisha imetumika, Mama. Hiyo ya kijivu ni pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na feni. Bodi mpya haina pesti, hakuna mtu kiwandani anayeipaka. Duara kwenye matundu ni alama ya skrubu iliyokazwa kwenye kasha na kufunguliwa. Na bati la nyuma huwa linabaki kwenye kasha la zamani, ndiyo maana halipo. Bila bati hilo utakuwa na dirisha wazi nyuma ya kasha, na vumbi na mende wa Kisumu wataingia.

Bodi iliyotumika si dhambi, nauza nyingi. Lakini anayeuza aseme imetumika, na aseme kwa nini ilitolewa ilikotoka. Hukuambiwa hata moja. Angalia pia kama picha inaonyesha kondensa, zile silinda ndogo. Vichwa vyake viwe bapa kabisa.

muuza_vipuri, Nakuru

Naongezea kama mtu aliyekaa upande wa pili wa kaunta. Prosesa ya AM4 inauzika yenyewe. Bodi ya A320, tena ya mkono wa pili, hukaa kwenye rafu. Kwa hivyo mtu anaipa jina la zawadi na inatoka. Wengine wanafanya hivyo kwa uwazi kabisa na mteja anafurahi, kwa hivyo sisemi wote ni wabaya.

Dada fanya mambo mawili. La kwanza, waulize bei ya prosesa peke yake, bila bodi. Wakishusha hata elfu mbili, umejua bodi wanaithamini kiasi gani. La pili, uliza kama bodi itaandikwa kwenye risiti na namba yake ya utambulisho ya kiwandani (serial) na muda wa waranti. Kitu cha bure mara nyingi hakiandikwi. Kikifa wiki ya tatu, risiti yako inaonyesha prosesa tu, na prosesa ni nzima.

Kwa kazi yako mimi ningeangalia idadi ya sloti kuliko jambo lolote. Sloti mbili za RAM zikijaa GB 32, siku ukihitaji 64 utauza zile stiki zote mbili uanze upya. M.2 moja ikijaa, umemaliza. Hata A520 nyingi zina M.2 moja tu, ingawa zinawasha 5600 kwa urahisi zaidi. B550 ndogo ya sloti nne na M.2 mbili ndiyo inayokupa njia ya kukua. Na siku moja ukitaka kuweka Ryzen 9 5900X yenye kori 12, ile A320 isiyo na chuma haitaihimili.

mwalimu_bungoma

Kwa pesti hiyo na hiyo ya kutokuwa na RAM ya kujaribia, nabadilisha kauli yangu. Iache.

mama_kamera, Kisumu

Wiki tatu zimepita, nimerudi kuwapa habari kwa sababu mlinipa muda wenu.

Niliuliza bei bila bodi kama muuza vipuri alivyosema. Wakashusha 2,000 bila hata kubishana, na bodi sikuiulizia tena. Prosesa ikafika kwa basi, boksi halijafunguliwa. B550 nilinunua kwingine kwa 14,800, sloti nne, M.2 mbili, na ina kile kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa ambacho kijana wa Kakamega alikitaja. Kabla ya kutuma pesa niliomba picha ya skrini ya BIOS na yule muuzaji akanitumia video nzima, sauti yake akisoma namba ya toleo. Pengo la pesa nimeliziba kwa kununua NVMe ndogo kidogo kuliko nilivyopanga. Hiyo nitaongeza baada ya msimu wa harusi za Desemba.

Niliunganisha mwenyewe mezani, mwanangu ameshika tochi ya simu. Kilichonichukua muda ni zile nyaya nyembamba za kitufe cha kuwashia, pini zake ni ndogo kama meno ya kitana na maandishi yake hayasomeki. Bati la nyuma nililiweka kwanza, Fundi. Waya wa skrini nimechomeka kwenye kadi. XMP imewashwa. Na UPS nimenunua, kwa sababu ile habari ya stima kupotea mtaa mzima sikuweza kuisahau.

Kazi ya kwanza niliyofanya haikuwa ya mteja mpya. Nilichomeka diski ya zamani, nikakuta vipande vyote vya yule mzee wa Seme viko. Nimevihariri jioni nne, nikarenda usiku mmoja, asubuhi mashine ilikuwa imemaliza na chumba kimetulia. Nimempakilia binti yake. Aliandika jana akiuliza kama hotuba ya mjomba wake wa Asembo imo, kwa sababu siku ile hakuisikia, alikuwa nyuma ya nyumba akipokea wageni.

Imo, nzima. Inaanza saa ya pili, dakika ya 14. Nimemwandikia hivyo.